Jeni Zilezile, Kazi Tofauti: Kinachobadilika Ndani ya Karanga Bila Mtu Kuigusa

Kwenye viwanja vya Nanenane vya Ngongo, Lindi, niliwahi kusimama mbele ya mashina mawili ya karanga yaliyong'olewa na kulazwa juu ya gunia. Yote yalitoka kwenye mstari mmoja na yalipandwa siku moja kutoka mfuko mmoja wa mbegu. Hata hivyo, moja lilikuwa limesimama wima na maganda yake yamejikusanya chini ya shina, ilhali jingine lilikuwa limetambaa na maganda yake yametawanyika kando ya matawi. Bibi mmoja wa Nachingwea aliyageuzageuza kwa vidole, akamtazama kijana aliyekuwa zamu, akamwuliza: "Mjukuu wangu, mbegu ni moja, mbona imezaa watoto wawili wasiofanana?" Kabla kijana hajafungua kinywa, sauti ikatoka nyuma yetu: "Ndiyo hizo GMO," yaani mbegu zilizobadilishwa jeni maabara.

Kijana alijitahidi kueleza, lakini alipofika kwenye maneno "jenomu" na "poliploidi" nyuso za wasikilizaji zilikwisha kujifunga. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya swali la yule bibi, kwa sababu ni swali zuri, na kwa sababu karanga ni mojawapo ya mimea ambayo jibu lake lina mambo mengi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na maneno yenyewe. Jeni ni kipande cha maelekezo ndani ya seli, maelekezo ya kutengeneza kitu fulani kama vile rangi ya ua, mafuta ya mbegu au kinga dhidi ya kutu ya majani. Jeni hazielei ovyo. Zimepangwa kwa mfuatano kwenye nyuzi ndefu ziitwazo kromosomu. Jumla ya maelekezo yote ya mmea, kuanzia jeni ya kwanza hadi ya mwisho pamoja na sehemu zilizo katikati yake, ndiyo jenomu. Neno la nne ni utendaji wa jeni, yaani kiasi ambacho jeni inasomwa na kufanya kazi. Seli ya jani la karanga na seli ya mzizi wake zina jeni zilezile kabisa, lakini jani ni jani na mzizi ni mzizi kwa sababu jeni zinazofanya kazi huku si zile zinazofanya kazi kule. Kwa hiyo kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kufanya kazi, na kwa kiasi gani, ni jambo jingine. Msomaji akishika tofauti hiyo, sehemu kubwa ya utata imekwisha kufunguka.

Sasa poliploidi. Mimea mingi, kama ilivyo kwa binadamu, ina seti mbili za kromosomu: moja ya baba na moja ya mama. Mahindi yako hivyo, mpunga uko hivyo, na ufuta tunaoulima Lindi na Mtwara uko hivyo. Poliploidi ni kiumbe chenye seti zaidi ya mbili. Karanga ina seti nne, jumla kromosomu 40. Viazi vitamu vina seti sita, kromosomu 90. Ngano ya chapati nayo ina seti sita, kromosomu 42, na ndizi nyingi tunazokula zina seti tatu. Hakuna maabara iliyoipa karanga seti hizo nne. Ilizipata Amerika ya Kusini, katika eneo la mpaka wa Bolivia na Argentina, miaka elfu kadhaa iliyopita, pale mimea miwili ya mwituni ilipokutana.

Mimea hiyo inajulikana. Mmoja ni Arachis duranensis, ambao wataalamu wanauita upande wa A, na mwingine ni Arachis ipaensis, upande wa B. Kila mmoja ulikuwa na kromosomu 20, yaani jozi kumi. Chavua ya mmoja ilipoangukia ua la mwingine alizaliwa chotara mwenye kromosomu kumi za A na kumi za B. Chotara wa namna hiyo kwa kawaida ni tasa, kama alivyo mtoto wa punda na farasi, kwa sababu wakati wa kutengeneza mbegu kila kromosomu hutafuta mwenzake wa kufanana naye na kumkosa. Kisha likatokea jambo ambalo kwa mimea si la ajabu sana: kromosomu zote zikajirudufu bila seli kugawanyika. Kumi za A zikawa ishirini, kumi za B zikawa ishirini, kila moja ikapata mwenzake, na chotara aliyekuwa tasa akaanza kuzaa. Huyo ndiye mama wa karanga zote tunazozikaanga, tunazozitwanga kwenye kisamvu na tunazozikamua mafuta. Wataalamu waliposoma jenomu ya Arachis ipaensis, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, waliikuta ikifanana na upande wa B wa karanga ya leo kwa asilimia 99.96, kufanana ambako ni nadra sana kati ya zao na babu yake wa mwituni.

Ili kuona maisha ya mmea wenye urithi wa namna hii, tufikirie jiko la shughuli, kwa mfano harusi au siku ya kuwatoa wali wa unyago. Upande wa kike umekuja na wapishi wake na upande wa kiume umekuja na wa kwao. Kila chakula kina wapishi wanne, wawili wa upande huu na wawili wa upande ule: wanne wa wali, wanne wa mchuzi, wanne wa maharage. Wote wanajua kupika chakula kilekile, kwani mila zao zimetoka shina moja zamani, lakini mikono haifanani. Kila mpishi wa A anatoa sahani 30 za wali, na kila mpishi wa B anatoa 10. Jumla ya wali ni sahani 80, na shughuli inakwenda.

Wapishi ndio jeni, na sahani ndiyo kazi ya jeni. Nimechagua namba hizo kwa ajili ya mfano tu, lakini tofauti ya mikono baina ya pande mbili ni jambo la kweli linalopimwa: katika mimea ya poliploidi ni kawaida kukuta jeni ya upande mmoja inafanya kazi zaidi ya ndugu yake wa upande wa pili, na huenda kwenye mzizi mambo yakawa kinyume na yalivyo kwenye jani.

Hapa ndipo mabadiliko ya jenomu yanapoingia. Mmea unapotengeneza chavua na mayai, kromosomu hupangana jozi na kubadilishana vipande. Utaratibu unaotarajiwa ni A kukaa na A, na B kukaa na B. Lakini A na B ni ndugu, wanafanana mno, na mara nyingine kromosomu ya A hujikuta imekaa na ya B. Wakibadilishana vipande, mbegu inayozaliwa inaweza kuwa na sehemu ambayo badala ya kuwa na wapishi wawili wa A na wawili wa B, ina watatu wa A na mmoja wa B, au wote wanne ni wa upande mmoja. Idadi ya wapishi haijabadilika na chakula kwenye orodha ni kilekile. Kilichobadilika ni nani kasimama kwenye chungu gani.

Tupige hesabu. Wapishi watatu wa A na mmoja wa B wanatoa sahani 100 badala ya 80. Wote wanne wakiwa wa A, tunapata 120. Wote wakiwa wa B, tunabaki na 40. Na kama wapishi wa B hawajui kabisa kupika chakula hicho, maana jeni yao iliharibika zamani na hakuna aliyegundua kwa sababu A walikuwa wakiwabeba, basi siku wapishi wote wanne watakapokuwa wa B chungu kitakuwa kitupu. Mmea utapoteza sifa fulani ghafla, au utapata sifa mpya, na hakuna aliyeongeza wala kupandikiza jeni ya kigeni.

Kuna jambo la pili kwenye hesabu hiyo ambalo mara nyingi linasahaulika. Wali ukiongezeka hadi sahani 120 na mchuzi ukabaki wa sahani 80, shughuli haijaneemeka, imeharibika. Ndani ya seli vitu vingi hufanya kazi kwa kuungana kwa uwiano maalumu, na sehemu moja ikizidi wenzake hubaki inazagaa, au hata kuzuia kazi. Ndiyo maana si sahihi kudhani, kama wengi wanavyodhani, kwamba seti nyingi za kromosomu maana yake ni mazao mengi. Mpunga na mahindi vina seti mbili tu na vinalisha sehemu kubwa ya dunia.

Ushahidi wa kubadilishana huku kwa karanga si wa kubahatisha. Mwaka 2019 timu ya kimataifa, ambayo David Bertioli wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alikuwa miongoni mwa viongozi wake, ilichapisha jenomu kamili ya karanga tunayolima na kuonyesha kwamba ndani yake vipande vya A vimechukua nafasi ya B, na vya B nafasi ya A, katika sehemu nyingi, na kwamba sehemu hizo zinatofautiana kati ya aina na aina. Hawakuishia hapo. Walichukua mababu wawili wa mwituni, wakawachanganya upya kwa mkono, wakarudufu kromosomu zao, wakapata kitu kama karanga ya kwanza iliyozaliwa tena, kisha wakawa wanapanda mbegu zake kizazi baada ya kizazi. Mimea ya ukoo huohuo mmoja, iliyojichavusha yenyewe bila kuingiliwa na chavua ya nje, ikaanza kutofautiana rangi ya maua: mengine ya chungwa, mengine ya njano. Walipofuatilia, chanzo kikawa ni huku kubadilishana kwa vipande kati ya pande mbili.

Nakiri kwamba tokeo hilo hunigusa kila ninapoliwaza. Aliyewahi kuinama kwenye shamba la karanga asubuhi anajua ua lake lilivyo dogo, lilivyojificha kwenye kwapa la jani, na jinsi linavyonyauka siku hiyohiyo. Kisha chini yake huchomoza kijiti chembamba kama sindano, kikainama, kikatoboa udongo na kwenda kutunga ganda gizani. Kwa kuwa ua la karanga hujichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, na kwa kuwa karanga zote zimetoka kwa chotara mmoja, zao hili lilipaswa kuwa na watoto wanaofanana mno. Lakini tazama sokoni: kuna zenye ngozi nyekundu, za waridi, nyeupe, kubwa na ndogo, za kusimama na za kutambaa. Timu ile ilipendekeza kwamba mabadiliko haya ya ndani ndiyo yaliyompa mkulima wa kale kitu cha kuchagua, na kwamba huenda ndiyo sababu wakulima hao waliishika karanga yenye seti nne na kuziacha ndugu zake za seti mbili ambazo pia zilikuwa zikilimwa.

Karanga haiko peke yake. Rapa, mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta katika nchi za baridi, ni mtoto wa jamii ya kabichi na jamii ya chainizi, mboga mbili tunazozikuta sokoni Mtwara kila siku. Mwaka 2007 watafiti walitoa ripoti ya majaribio waliyochanganya upya jamii hizo mbili na kupata koo zipatazo 50, zote kutoka kwa wazazi walewale. Katika kizazi cha kwanza koo hizo zilikuwa karibu sawa. Kufikia kizazi cha tano vipande vya kromosomu vilikuwa vimehama katika koo nyingi, utendaji wa jeni umebadilika sambamba na uhamaji huo, na sifa za mimea, ukiwemo wakati wa kutoa maua, zimetofautiana.

Ngano, kwa upande wake, ina nidhamu. Ina jeni moja maarufu, inayoitwa Ph1, ambayo kazi yake ilitambuliwa mwaka 1958. Inasimamia kromosomu wakati wa kupangana na kuzuia za upande mmoja kukaa na za upande mwingine. Jeni hiyo ikiondolewa, mpangilio unavurugika. Ndiyo maana chapati ya leo imetokana na mmea wenye pande tatu ambazo, kwa sehemu kubwa, kila moja imebaki kwake.

Kubadilishana vipande si njia pekee. Kipande cha kromosomu kinaweza kukatika na kupotea, kikaondoka na jeni zake. Kinaweza kugeuka, mbele ikawa nyuma. Kinaweza kuhamia kwenye kromosomu nyingine kabisa, na jeni iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ikajikuta katika mtaa mpya, pengine penye nyuzi zilizosongamana kiasi kwamba haisomeki. Ni sawa na mama ntilie aliyehamishwa kutoka stendi kwenda nyuma ya ghala: mapishi ni yaleyale, wateja hawamfikii.

Vilevile kuna vipande vidogo vya jenomu vinavyojihamisha vyenyewe, au kujinakili na kujipachika kwingine. Viligunduliwa kwenye mahindi na mwanasayansi wa Marekani, Barbara McClintock, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Zaidi ya nusu ya jenomu ya karanga ni vipande vya jamii hiyo. Vikijipachika katikati ya jeni vinaiharibu, vikijipachika jirani yake vinaweza kuizima au kuiamsha. McClintock mwenyewe alieleza kwamba kukutanisha jenomu mbili ngeni ni mshtuko unaoweza kuviamsha vipande vilivyokuwa vimelala. Seli nayo hujihami kwa kuvibandika alama ndogo za kemikali, mfano wa kufuli, ili visisomeke. Na kufuli hilo mara nyingine huifunga pia jeni njema iliyo jirani. Hapo herufi za jeni hazijabadilika hata moja, lakini jeni imenyamaza, na watoto wa mmea huo wanaweza kurithi kimya hicho.

Tena, baadhi ya jeni ni wasimamizi wa jeni nyingine. Mpishi mmoja akibadilishwa, chakula kimoja hubadilika. Msimamizi wa jiko akibadilishwa, vyungu kumi vilivyo mbali naye hubadilika. Kwa hiyo mtafiti anayeona jeni mia zimebadilisha utendaji haharakishi kusema jenomu imeguswa mahali mia. Pengine imeguswa mahali pamoja tu.

Turudi kwenye sauti iliyotoka nyuma yetu pale Ngongo. GMO ni kiumbe ambacho jeni zake zimebadilishwa maabara kwa ufundi maalumu, mara nyingi kwa kupandikizwa jeni kutoka kwa kiumbe kingine. Hakuna karanga ya aina hiyo inayolimwa kibiashara mahali popote duniani, na nchini mwetu mkulima hauziwi mbegu ya GMO ya zao lolote. Aina zilizotoka kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kama Pendo, Mnanje 2009, Mangaka 2009 na Naliendele 2009, ni mbegu zilizoboreshwa kwa kuchagua na kuchanganya karanga na karanga, na namba inayofuata jina ni mwaka. Uboreshaji huo huchukua misimu mingi, na sababu mojawapo ni haya tuliyoyaeleza: mchanganyiko mpya hauwezi kuaminiwa mpaka wataalamu waone kwamba watoto, wajukuu na vitukuu wake wanashika sifa ileile katika udongo na mvua tofauti. Na anayehofia kwamba jeni zilizohama ndani ya karanga zitahamia kwake akizila, akumbuke kwamba kila chakula kina jeni, na tumbo huzimeng'enya kama linavyomeng'enya vingine.

Dhana nyingine iliyoenea huku kwetu ni kwamba mbegu ya karanga "inachoka" ikirudiwa kupandwa, na sasa wapo wanaosema kuchoka huko ndiko kuhama kwa jeni. Hapana. Kubadilishana vipande hutokea, lakini si kwa kasi ya kuangusha mavuno ya kijiji kizima ndani ya misimu mitatu. Karanga hujichavusha, kwa hiyo mbegu uliyohifadhi mwenyewe hubaki karibu na mama yake kwa muda mrefu kuliko ya mahindi chotara. Mavuno yakishuka, tazama kwanza vitu vya kawaida: mbegu zilizochanganyika na aina nyingine wakati wa kupukuchua, mbegu zilizohifadhiwa kwenye unyevu, ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na wadudu mafuta, na shamba lililochoka. Hata ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uliotuachia bandari ya Mtwara na kumbukumbu ya reli ya kwenda Nachingwea, haukuangushwa na jenomu ya karanga. Uliangushwa na mipango isiyojali udongo, mvua wala mitambo.

Na yale mashina mawili juu ya gunia? Moja la kusimama na jingine la kutambaa, kutoka mfuko mmoja: dhana yangu ya kwanza ni kwamba mbegu mbili zilichanganyika, kwa sababu maumbo yote mawili yanajulikana na yana aina zake. Lakini bibi anaweza kulijaribu jambo hilo mwenyewe. Achume karanga za kila shina, aziweke kwenye mfuko wake, kisha mvua zikianza azipande mistari miwili iliyo jirani, udongo mmoja, siku moja. Mistari hiyo ikifanana, basi tofauti ya mwanzo ililetwa na udongo, maji au mdudu. Kila mstari ukirudia umbo la mama yake sawasawa, na umbo hilo ni la aina inayojulikana, basi mfuko ulikuwa na mchanganyiko, na mashina yasiyofanana yang'olewe mapema shambani ikiwa anazalisha mbegu za kuuza. Mstari mmoja ukizaa sifa ambayo haijulikani katika aina yoyote, au watoto wake wakagawanyika, wengine hivi na wengine vile, amwite bwana shamba kabla ya kuvuna. Mimea hiyo ichumwe peke yake, shina kwa shina, na majani machache mabichi yapelekwe kwa wataalamu wenye vifaa vya kusoma vinasaba, kwa maana hapo ndipo inapoweza kuonekana, kromosomu kwa kromosomu, kama wapishi wa A na B bado wamesimama kwenye vyungu vyao.